Gari la Nyumbani: Wakala wa Mbali au Fundi wa Jirani?

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka gari lake lifanyiwe huduma ana milango miwili ya kubisha. Anaweza kulipeleka kwa wakala rasmi wa kampuni iliyolitengeneza, akapokewa na karani mwenye kompyuta na kuketi akisubiri. Au anaweza kulipeleka gereji ya mtaani, ambako fundi atafungua boneti huku mwenye gari akitazama. Akichoshwa na mmoja, juma lifuatalo humwendea mwingine. Mkazi wa Kasulu au Kibondo hana hiari nyepesi kiasi hicho. Hata hivyo swali ni lile lile, na mara nyingi humjia akiwa amekwisha kutoa mafao yake ya uzeeni, au mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, ili kununua gari la kwanza katika ukoo wake.

Tuanze na hesabu ya njia. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni kilometa 90 hivi. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam, kwenye makao ya mawakala wengi, ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 2,000. Sasa fungua kitabu cha maelekezo cha Toyota. Utaona kwamba barabara ya vumbi inahesabiwa kuwa ni mazingira magumu, na kwamba gari linalopita humo hubadilishiwa oili ya injini mapema zaidi, aghalabu kila kilometa 5,000. Kwa hiyo basi, mtu atakayeshikilia kwamba gari lake halitaguswa ila na wakala, katika kila kilometa 5,000 atakuwa ametumia zaidi ya 2,000 kwenda gereji na kurudi. Gari la namna hiyo haliwezi kumsomesha mtoto wa mtu.

Hapana shaka wakala ana vitu vya thamani. Ana michoro ya kiwanda, ana spea zenye namba zinazojulikana, ana spana za kipimo zinazokaza nati kwa nguvu iliyoagizwa, wala si kwa nguvu za mkono wa fundi aliyeshiba au mwenye njaa. Zaidi ya yote, anaandika. Kila alichokifanya kina tarehe, kina kilometa na kina jina la aliyekifanya. Nakuomba uliweke hilo la maandishi akilini, kwa sababu nitalirejea. Ni kitu pekee cha wakala kinachoweza kuhamia Kibondo bila nauli.

Katika nchi nyingine ubishi huu ni wa dhamana. Mwenye gari jipya huogopa kwamba akienda kwa fundi wa kawaida, kampuni itaifuta dhamana yake. Marekani ilitunga sheria juu ya jambo hilo mwaka 1975, na Umoja wa Ulaya ukatoa kanuni zake mwaka 2002, ili mtu asifungwe kwa wakala pasipo sababu. Kwetu ubishi huo unawahusu wachache. Miaka ya 1970 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na gari lilikuwa kitu cha ofisi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, na tangu hapo mlango wa magari yaliyokwisha kutumika ukazidi kupanuka. Noah, IST au Probox unayoiona stendi ya Kasulu ilikwisha kuendeshwa Japani miaka mingi. Huko kila gari la familia hukaguliwa rasmi, kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo ni moja ya sababu zinazowafanya wenyewe wayauze. Wakala wa Dar es Salaam hakuliuza gari hilo, hakulidhamini, na si ajabu akakwambia kwamba namba ya spea unayoitaka haimo katika vitabu vyake. Usimkasirikie.

Kabla hujamwendea fundi yeyote, tazama ndani ya boneti na pembeni mwa mlango wa dereva. Mara nyingi pamebandikwa karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani, iliyoachwa na fundi wa huko. Tarakimu utazisoma: kilometa ambazo oili au mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Lakini jihadhari na mwaka. Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, na enzi ya Reiwa ikaanza 2019. Ukiona 25 ya Heisei, huo ni mwaka 2013. Karatasi hiyo ni habari ya thamani unayoweza kuwa nayo juu ya maisha ya gari lako kabla ya bandari ya Dar es Salaam, na watu huibandua kwa kudhani ni uchafu.

Sasa tumtazame fundi wa jirani. Wapo wanaomdharau kwa sababu gereji yake ni kivuli cha mwembe na magogo mawili. Mimi simdharau. Fundi wa Kasulu anaijua barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi kuliko mhandisi yeyote wa mjini, kwa kuwa kila siku anaona inachokula: bushi, boli jointi, shokapu na springi. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, magari ya mashirika ya kuhudumia wakimbizi yalipita katika wilaya hizi kwa wingi, na Land Cruiser ikawa shule ya mafundi. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilometa 260 hivi, ilianza kujengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kila kipande cha lami kinapunguza kazi ya bushi. Lakini njia za vijijini, wanakotoka maharage na ndizi, bado ni za udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope.

Vumbi ndilo adui mkubwa, na hapa ndipo fundi mzuri hujulikana. Vumbi likipenya filta ya hewa husaga ringi na silinda kama msasa, polepole, mpaka injini ianze kula oili na kutoa moshi. Mtazame anavyoisafisha filta hiyo. Akiipuliza kutoka ndani kwenda nje, anajua kazi. Akiipuliza kutoka nje, anayasukuma mavumbi ndani ya karatasi. Akiiosha kwa petroli ili akuokolee bei ya filta mpya, mshukuru kwa nia yake njema na uondoke. Kwa gari la dizeli, muulize pia lini aliyatoa maji yanayojikusanya chini ya filta ya mafuta. Asiyejua swali hilo linahusu nini asiruhusiwe kuigusa pampu.

Udhaifu wa gereji zetu, kwa maoni yangu, hautoki sana katika mikono ya mafundi. Unatoka katika spea na katika kukisia. Fundi hununua kilichopo dukani, na kilichopo huweza kuwa bandia ndani ya boksi lenye nembo safi. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia, lakini Tume haiwezi kusimama kando ya gari lako. Nunua oili mwenyewe, kopo likiwa na lakiri yake, na utazame namba ya uzito. Injini ya IST imeundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ile nzito iliyozoeleka kwa malori ya zamani itazunguka humo kwa taabu asubuhi ya baridi ya Kasulu. Ukiagiza spea kutoka Gerezani au Ilala ije kwa basi, tuma namba ya chesisi kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kusema "Noah" tu hakutoshi. Noah ya SR40 na Noah ya AZR60 ni magari mawili, na spea ya moja haitaingia katika nyingine hata ukiipiga nyundo.

Kukisia nako kuna gharama. Injini ya SR40 ina mkanda wa taimingi wa mpira, nao hubadilishwa kwa kilometa, kwa kawaida kila 100,000, hata kama kwa macho ungali mzima. Injini ya Land Cruiser ya 1HZ nayo ina mkanda, na kwenye dashibodi kuna taa ya kukukumbusha; mkanda huo ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni na bei ya kutengeneza ni bei ya injini. Lakini IST na Probox ya petroli zina mnyororo wa chuma. Fundi anayekudai fedha za kubadili mkanda wa taimingi wa IST anakuuzia kitu ambacho gari halina.

Nimeyaacha makusudi mambo ya breki hadi hapa, kwa sababu ndiyo yanayonisumbua zaidi ninapofikiria milima ya Manyovu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Katika mteremko mrefu dereva akikanyaga breki mfululizo, joto huyachemsha maji hayo, yakawa mvuke, na pedeli ikazama mpaka chini bila gari kusimama. Nyuma wameketi mama na watoto na magunia matatu. Kubadili mafuta hayo kila baada ya miaka 2 ni kazi ndogo isiyohitaji kompyuta wala wakala. Mwachie fundi wa jirani, lakini yatoke kwenye chupa mpya iliyofunguliwa mbele yako. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana imekwisha kunywa unyevu wake. Naye dereva ashuke kwa gia nzito.

Zipo kazi ambazo kwa kweli hazifai kufanyiwa chini ya mwembe. Giaboksi ya otomatiki ikifunguliwa mahali penye vumbi haiponi. Mifuko ya hewa ya usalama ni baruti, wala si ya kuchezewa na mwenye bisibisi. AZR60 yenye injini ya kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda ina pampu ya mgandamizo mkubwa inayotaka vipimo vyake. Kwa kazi hizo safari ya Kigoma au Mwanza ni halali, na wakati mwingine hata ya Dar es Salaam. Mashine za kusoma hitilafu zimeenea siku hizi, lakini kuwa na mashine si kujua kuisoma. Taa ya injini iliyozimwa kwa mashine huku ugonjwa ungalipo itarudi kabla hujafika Kibondo. Muulize fundi: umezima taa, au umetengeneza? Na kwa aliyebahatika kununua gari jipya lenye dhamana, afuate kitabu cha dhamana neno kwa neno mpaka muda wake uishe. Magari ya serikali yana njia yake: yanapelekwa TEMESA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2005.

Nilisema nitarejea kwenye maandishi. Nunua daftari la shule, moja tu. Kila gari linapoguswa, iandikwe tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, spea ilitoka duka gani, na fundi atie saini yake. Baba ana mambo mengi na dereva hubadilika. Mtoto wa darasa la tano aweza kulitunza daftari hilo vizuri kuliko wote wawili, na hatasahau kuuliza kilometa kwa sababu kwake ni kazi ya heshima. Mama mwenye nyumba akilifungua ataona shilingi za gari zinakokwenda, jambo ambalo katika nyumba nyingi halijulikani mpaka ada inapokosekana. Fundi anayetia saini hukaza nati kwa namna nyingine. Anayekataa kutia saini amekwisha kukujibu.

Jingine ni spea ya zamani. Kila iliyotolewa idai mkononi mwako, ufungiwe kwenye gazeti, hata kama huna la kuifanyia. Kwanza utajua kwamba kweli imetolewa. Pili, ukiipeleka dukani, namba iliyopigwa juu yake humaliza ubishi wa dakika arobaini.

Kuhusu malipo, patana kabla boneti halijafunguliwa, na mpatane juu ya kazi mbali na spea. Ukimpunja fundi ufundi wake, atazitafuta shilingi hizo kwenye spea, nawe utakuwa umezilipa vile vile bila kuziona. Mlipe vizuri kwa siku ya huduma, hata siku ambayo hakukuta ubovu wowote. Hiyo ndiyo siku ambayo gari la Noah lenye abiria saba halitasimama usiku katika pori kati ya Kasulu na Kibondo.