Imarisha Giaboksi Kwanza, Injini Itasubiri



Malipo ya pamba yakianza kuingia, magari ya zamani huanza kufanyiwa makubwa hapa Simiyu. Hilux Surf, Prado, Noah, Mark II, yote yanapelekwa gereji. Huyu anafungua pampu ya dizeli imwage mafuta zaidi, yule anaongeza presha ya turbo, mwingine anabadilisha injini nzima au anafunga matairi makubwa na kuongeza spring ili abebe marobota na mbolea zaidi. Giaboksi ya otomatiki, ambayo ndiyo itakayopitisha nguvu hiyo yote, haiguswi.

Utaniuliza bwana shamba anahusika vipi na giaboksi. Nahusika, kwa sababu fedha inayounguzwa pale ni fedha ya shamba. Gari likilala gereji, pembejeo hazifiki kwa wakati na mtaji wa msimu ujao unaishia kununua giaboksi ya mtumba ambayo hujui imetumikaje.

Nasema bila kuzunguka: kwenye gari la zamani la otomatiki, shilingi ya kwanza ya kuongeza nguvu iende kwenye giaboksi. Fundi anayekuongezea nguvu ya injini bila kugusa giaboksi anakuuzia kazi mbili kwa wakati mmoja, ila ya pili hakutajii bei yake.

Hili unalijua tayari shambani. Ukiongeza maksai kutoka wawili hadi wanne kwenye plau, unakagua kwanza mnyororo na nira. Plau likikwama kwenye kisiki, mnyororo mbovu ndio utakaokatika.

Adui ni joto

Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna tokonveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kusukuma oili. Gari likienda taratibu na mzigo mzito, oili inasukumwa sana huku magurudumu yakizunguka kidogo, na nguvu inayopotea hapo inageuka kuwa joto. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi zinazobanwa na presha ya oili hiyohiyo. Oili ikiungua, presha inashuka, klachi zinateleza, na kuteleza kunaleta joto zaidi.

Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Kwa kanuni ya kukadiria, kila inapopanda nyuzi 10 hivi juu ya hapo, maisha yake yanapungua kwa nusu. Sasa fikiria udongo wetu mweusi wa mbuga wakati wa mvua, gari limejaa, linatambaa kwa gia ya kwanza. Matairi makubwa nayo yanaongeza kazi, kwa sababu kila mzunguko mmoja unadai nguvu zaidi kutoka kwenye tokonveta. Ongeza turbo juu ya hapo, halafu umlaumu Mjapani.

Maneno mawili yanayotugharimu

La kwanza: "Otomatiki ni laini, toa, weka gia za mkono." Malori mengi makubwa ya kubeba mawe kwenye migodi ya wazi yana giaboksi za otomatiki zenye tokonveta. Yanadumu kwa sababu yamewekewa vipoza vya kutosha na oili inabadilishwa kwa ratiba. Kuhamia gia za mkono kunakudai giaboksi nyingine, pedali, na mara nyingi propela shafti na nyaya. Na klachi ya mkono nayo inaungua ukiionea.

La pili: "Oili ya giaboksi ni ya maisha." Maisha ya nani? Ya mtumiaji wa kwanza aliyeendesha kwenye lami ya Japani, au yako wewe unayetoka Lagangabilili na magunia?

Fanya haya, kwa mpangilio huu

1. Pima oili. Gari likiwa limepata moto, injini inawaka, mahali tambarare, pitisha gia zote kisha rudi P. Vuta kipimio. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, acha habari ya turbo. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Zima gari lisitembee.

2. Badilisha oili na chujio. Kufungua nati ya sampo kunatoa sehemu tu ya oili, nyingine inabaki kwenye tokonveta. Mwaga, jaza, endesha, rudia mara mbili au tatu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kipimio au kitabu cha gari: Toyota nyingi za zamani ni Dexron, zilizofuata ni T-IV, za baadaye zaidi ni WS. Usikubali "zote ni haidroliki tu."

3. Funga kipoza cha nje. Kikae mbele ya rejeta kinapopata upepo. Oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye kipoza, ndipo irudi. Kisafishe mara kwa mara, maana nyuzi za pamba na mbegu za majani huziba matundu yake.

4. Rekebisha kebo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kebo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, presha inakuwa ndogo na klachi zinateleza. Injini ikibadilishwa, kebo hii ndiyo husahaulika.

5. Sasa ndipo uingie ndani. Kama bado unataka nguvu kubwa, giaboksi ifunguliwe: klachi mpya za kiwango cha juu, sili mpya, na valvu bodi irekebishwe ili presha ipande na gia ziingie kwa uthabiti. Hiyo ni kazi ya fundi wa otomatiki, siyo ya kila anayeshika spana.

Barabarani nako, ukiwa na mzigo zima O/D ili gia zisipande na kushuka ovyo. Kwenye tope tumia L au 2. Ukikwama, usirushe gia kutoka D kwenda R huku umekanyaga mafuta. Chimba, weka matawi.

Na hili lishike sana: usikubali gari la otomatiki livutwe na trekta kilomita nyingi huku magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi inazunguka kavu. Lipakie, au lifunguliwe propela shafti kwanza.

Kabla hujalipa gereji yoyote, muulize fundi: oili gani, kipoza kitakaa wapi, kebo umeipima? Asipojibu, ondoka na gari lako. Na kama fedha haitoshi kwa yote, fanya la kwanza hadi la nne. Turbo isubiri pamba ya mwakani.