Usiniambie Nipakue Tu

"Si upakue tu?" Hiyo sentensi imenichosha. Na wanaoniambia ni wasee wenye degrii, mshahara wa kila mwezi na jenereta nyuma ya nyumba. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda. Naishi Umoja, naandika makala za kulipwa kwa neno, na nimekodi seva ya Linux yenye memori ya gigabaiti moja. Juzi nilitaka Python mpya kuliko ile niliyoikuta humo. Nikaamua kukompaili: kuchukua maandishi yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza programu, mwenyewe.

Ilikuwa balaa. Nikiwa katikati ya make, stima ya ploti ikapotea, waifai ikazima, kazi ikakufa huko kwenye seva. Nilidhani naanza upya. Wapi! Nilipoandika make tena iliendelea pale ilipoachia, kwa sababu hulinganisha saa za faili na kuruka zilizo tayari. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia hivyo. (Siku hizi nafungua tmux kwanza, stima ipotee ikitaka.) Ikamalizika, nikashangilia, halafu pip ikakataa kushusha chochote. Python yangu ilikuwa imejengwa bila SSL, kwani sikuwa nimeweka libssl-dev. Onyo lilikuwepo, limefichika kati ya mamia ya mistari ambayo niliitazama ikipita kama matatu ya rongai. Nikaweka, nikarudia. Saa saba usiku ikakubali.

Sasa enda Kariobangi Light Industries. Kijana anayejifunza pale hufungua injini, hupoteza nati, hutukanwa, hufunga tena. Hakuna anayemwambia, "Si ununue tu ingine?" Lakini huyo huyo akigusa kompyuta, ghafla anatakiwa awe mteja. Silicon Savannah gani hiyo, ya kubonyeza?

Nakubali, seva ya kliniki ama ya sacco itumie apt, ipate marekebisho ya usalama bila drama. Sisemi mtu aishi hivi. Nauliza kwa nini anayeanza anyimwe nafasi ya kufungua boneti hata mara moja, na wenye walishafungua zao.

Hiyo boneti iliachwa wazi makusudi. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipotoa Linux mwaka 1991. Na hapa kwa majirani, mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Hawakungoja kampuni fulani iamue kama lugha yetu ina soko. Maandishi yalikuwa hapo, wakayafungua, wakatafsiri.

Configure iliniuliza kama nina kompaila. Cheti haikuuliza.

Ijumaa narudia na programu ingine, na vijana wawili wa ploti wanakuja kuona. Mmoja ameahidi kuleta bando.