Winga kuanguka hovyo, usikimbilie kulaumu kimo

WINGA akiguswa kidogo akaenda chini, jukwaani lawama ya kwanza ni mwili wake. Akiwa mfupi, utasikia "huyu hana mwili." Akiwa mrefu, anaitwa mlingoti. Kimo kinahusika, sawa, lakini si kwa kiasi tunachodhani.

Angalia mchezaji anapopiga krosi, shuti au chenga. Mguu mmoja uko hewani, mwingine ndio umebeba mwili mzima, na hapohapo beki anamsukuma. Asiporudi kwenye mstari haraka, mpira umepotea, au goti limeumia.

Wafupi wana faida yao. Diego Maradona alikuwa na sentimita 165, Lionel Messi ana 170. Uzito wao uko karibu na ardhi, ndiyo maana mabeki walihangaika kuwaangusha. Lakini Zlatan Ibrahimovic ana sentimita 195 na alifunga mabao ya sarakasi ambayo wafupi wengi hawathubutu. Huyu alijifunza taekwondo tangu akiwa kijana.

Kuna kipimo cha balansi ambacho kocha yeyote anaweza kukifanya. Mchezaji anasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine anaupeleka mbele, kisha nyuma kulia na nyuma kushoto, mbali awezavyo bila kuyumba. Mwenye miguu mirefu lazima afike mbali, hivyo umbali unagawanywa kwa urefu wa mguu wake. Ukishaiondoa faida hiyo, unabaki na misuli na viungo. Kifundo kikiwa kigumu, mbele hafiki. Nyonga ikiwa dhaifu, nyuma anayumba.

Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2006 kwa wachezaji wa kikapu wa sekondari ulionyesha kuwa wale ambao miguu yao ilitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4 upande wa mbele walikuwa na hatari ya kuumia mara mbili na nusu zaidi.

Sasa turudi nyumbani. AFCON ya 2027 ni yetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na bado kuna makocha wanaochagua watoto kwa kuwatazama urefu tu. Kimo mtoto amezaliwa nacho. Nguvu ya nyonga na ulaini wa kifundo vinatengenezwa mazoezini.

Na wala haihitaji gym. FIFA wana programu yao ya kupasha misuli, 11+, inayochukua kama dakika 20: kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua, kukaza misuli ya nyuma ya paja. Ilipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ripoti ya 2008 ilionyesha majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu.

Timu ya mtaani inayozunguka uwanja mara mbili halafu inaanza mechi inaweza kuanza kesho. Kabla ya kumuacha dogo kwa sababu ni mfupi au ni mrefu kupita kiasi, msimamishe kwanza kwa mguu mmoja.