Sanamu ya Bibi Titi mezani petu

Wasomaji mtatuwia radhi. Leo hatuandiki juu ya bajeti wala uchaguzi. Tunaandika juu ya sanamu.

Hapa Pearland, kusini mwa Houston, joto la Agosti humfungia mtu ndani. Binti yetu wa miaka 12 alimaliza likizo akiunda sanamu za vinaili, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi: kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu. Zote ni mashujaa wa sinema za Marekani au majoka ya Kijapani. Siku moja akauliza: "Baba, kwenu hakuna mashujaa?"

Swali lilituchoma. Sisi tuliokimbia nchi kwa ajili ya kalamu tulikuwa hatujamsimulia mtoto lolote. Tukanunua boksi la mwanamke mpiganaji, tukaamua kumgeuza awe Bibi Titi Mohamed.

Kazi yenyewe si lelemama. Vinaili ikiwa baridi ni ngumu, ukiilazimisha kwa kisu utajikata mwenyewe. Unaitia kwanza kwenye maji ya moto ilainike, ndipo unakata mabaki ya kiwandani na kuunga vipande kwa supagluu. Miguuni tulijaza plasta ili asianguke. Upanga tuliukata, mkono tukaupasha moto na kuuinua, kama mtu anayehutubia. Kanga tuliifinyanga kwa puti. Rangi ndiyo iliyotutesa: kichupa kilichoandikwa "rangi ya mwili" kina rangi ya Mzungu! Tukachanganya kahawia, nyekundu na manjano kidogo mpaka ikakaribia.

Huku tukipiga msasa, tulisimulia. Kwamba alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Kwamba mwaka 1955 alianza kuwaongoza kina mama wa TANU, akawaingiza chamani kwa kupitia vikundi hivyo vya ngoma. Kwamba mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

"Sasa alikuwa shujaa au mhaini?" mtoto akauliza.

Tulimjibu kwamba mahakama ilimtia hatiani, naye alikana. Na kwamba aliyewajaza watu viwanjani wakati wa kudai uhuru ndiye huyo huyo aliyelala gerezani baada ya uhuru.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Historia yetu imepigwa msasa mno. Tunayempenda tunamfuta kila kasoro, tuliyemchukia tunamfuta mzima, halafu siku moja tunampa barabara bila kueleza yaliyompata. Nasi wa ughaibuni tuna kosa letu. Wengine tunawasimulia watoto Kilimanjaro na fukwe tu, wengine ufisadi tu. Mtoto akikua na nusu ya habari ataijaza nusu nyingine kwa sinema.

Tusisubiri kiwanda, wala serikali. Mzazi uliye Dallas, London, Muscat au Tandika, mchukue mtu mmoja wa kwenu, umsimulie mwanao habari zake zote, za sifa na za gerezani.

Bibi Titi wetu sasa amesimama kando ya televisheni. Vidole vyake havikutoka sawa. Lakini wiki iliyopita mgeni alipouliza huyo ni nani, aliyejibu hakuwa sisi. Alikuwa binti yetu, na gereza hakuliruka.