Sheria ikinyamaza haijakuruhusu

Leo naweka programu kando kidogo, kwa sababu kuna uongo unaozungushwa na watu wa fani yangu na umenichosha.

Binti yetu ana miaka 5, na mwakani ni Gredi ya 1. Mimi hufanyia kazi nyumbani, mke wangu alisomea ualimu, basi tukawaza: mbona tusimfundishe wenyewe? Nikauliza wenzangu. Wote wakanijibu, "Hiyo iko sawa bwana, hakuna sheria inayokataza." Hata muuzaji mmoja wa masomo ya mtandaoni aliniambia hivyo hivyo, huku akinitajia bei ya muhula.

Nikafanya kile ambacho sisi hatupendi kufanya. Nikasoma masharti kabla ya kubonyeza "Nakubali".

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hapo sina neno. Shida iko kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Hakikuishia kwenye "asome". Na shule ni nini? Kifungu cha 2 kinajibu: ni taasisi iliyosajiliwa chini ya sheria hiyo. Meza yetu ya chakula haijasajiliwa. Mzazi akipatikana na hatia, faini ni hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili.

Wenzangu wanaisoma sheria kama seva iliyoachwa wazi: kisichozuiwa kinapita. Lakini kifungu hiki ni seva iliyofungwa. Anapita aliyetajwa tu, na elimu ya nyumbani haikutajwa.

Wazo hilo wamelitoa wapi? Kwenye kurasa za Marekani. Huko elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, na hata hayo hayafanani. Texas mzazi hahitaji kuiarifu serikali ya jimbo. New York lazima apeleke mpango wa masomo, na ripoti 4 kila mwaka. Sasa wewe unachukua ushauri wa Texas unaubandika Kiambu, kisha unamwambia mzazi alale usingizi?

Na hata chifu asipobisha hodi, hifadhidata itakubana. Mfumo wa NEMIS ulioanza 2017 ulimpa mwanafunzi namba ya UPI kupitia shule yake, na namba hiyo ikawa ya kusajilia mitihani. Tangu KPSEA ya kwanza mwaka 2022, kuna alama za mtoto zinazopakiwa na shule yenyewe. Nimeunda fomu nyingi maishani. Ukiacha wazi sehemu ya lazima, fomu haiendi. Yule muuzaji alikuwa na dawa: tumwandikishe mtoto kwenye shule fulani kwa jina tu. Yaani rekodi ya kwanza ya binti yangu serikalini iwe ya uongo! Nikamwuliza, mambo yakiharibika nani atasimama kortini, wewe au mimi? Akabadilisha mada.

Msinielewe vibaya. Sipingi elimu ya nyumbani, naitaka. Ndiyo maana nataka iandikwe. Afrika Kusini waliiandika: kifungu cha 51 cha sheria yao ya shule ya 1996 kinamruhusu mzazi kuomba mtoto asajiliwe kusomea nyumbani, na mwaka 2024 walikirekebisha. Unaweza kubishana na masharti yao, lakini angalau kuna mlango wa kubisha. Bunge letu nalo liseme: mzazi ajisajili wapi, nani atapima maendeleo ya mtoto, na mtihani ataufanyia wapi. Mambo matatu tu. Kumwacha mzazi abahatishe, huku mwingine akimtoza ada kwa bahati hiyo, si uhuru.

Sisi tumeamua. Januari binti yetu anavaa sare. Jioni, na kila Jumamosi, tutamfundisha wenyewe pale pale mezani. Hilo halimkoseshi shule, na halihitaji kumdanganya mtu.

Na wewe unayeuza masomo kwa kusema "hakuna sheria inayokataza": weka namba ya kifungu kwenye tangazo lako. Nangoja.