Wanaompiga Picha Mdada wa Mbezi Beach Wanamnyima Dawa

Picha ilipigwa kwa kuibia, asubuhi kabla jua halijawa kali, ufukweni Mbezi Beach. Mdada mmoja anayejulikana mjini, jina kapuni, anatembea taratibu na raba zake. Siku mbili kabla alikuwa ameomba radhi kwa kujitoa kwenye kazi ya u-MC wa sendofu moja huko Tegeta, akasema mwili umegoma. Basi ikawa sherehe. Picha ikabandikwa pembeni ya tangazo lake na povu likamwagika: kiki, mimba, kalogwa na shosti wake wa zamani, ana ngoma. Iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilisema anadeka tu, mtu anayeumwa hatembei bichi.

Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inafanana na akili.

Kinachomsumbua alikitaja mwenyewe: fibromayaljia. Wengi walilipita hilo neno kama jina la losheni. Ni maumivu ya mwili mzima, shingo, mabega, mgongo, nyonga, yanayokaa miezi 3 na zaidi. Usingizi haulazi. Mtu analala saa nane anaamka hoi kama aliyeshinda anaponda kokoto Kunduchi. Kichwani kunaingia ukungu, na kwa MC hilo ni balaa, maana jina la bibi harusi linaweza kupotea mbele ya wageni 300.

Misuli haijaoza wala mifupa haijapinda. Kinachokosewa ni namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyopokea maumivu. Ni kama redio ambayo kitufe cha sauti kimeng'oka kikiwa juu; kitu kidogo kinasikika kama spika za kigodoro. Ndiyo maana eksirei inatoka safi na damu inatoka safi. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema "ndiyo, hii hapa". Daktari anapima ili kuondoa mengine yanayofanana nayo, kama baridi yabisi, matatizo ya tezi ya shingo au upungufu wa damu, kisha anamsikiliza mgonjwa. Kumsikiliza, jamani.

Huyu mdada alisikilizwa baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo zahanati moja ilimpa malaria na UTI mara nne, kama vile Dar hakuna ugonjwa mwingine. Alidungwa diklofenaki mpaka tumbo likalalamika. Akapelekwa kwa mganga, akanunuliwa mafuta ya upako, akawekewa dripu ya vitamini kwa hela ambayo ingelipa kodi ya fremu yake. Mchumba akachoka kusikia "leo naumwa", akaondoka. Kote huko majibu safi yalitafsiriwa kwamba mgonjwa ni mwongo.

Cha kuchekesha ni kwamba mwezi Septemba 2017 Lady Gaga alijitoa Rock in Rio kule Brazil, akaahirisha shoo za Ulaya, na Februari 2018 akafuta shoo 10 zilizobaki za ziara yake. Ugonjwa ni huu huu, na alishausema hadharani. Filamu yake ya Netflix ya mwaka 2017 ikamwonyesha akilia kwa maumivu, na watu wa mjini wakasema maskini, mtoto wa watu. Sasa maumivu ya staa wa Marekani ni ugonjwa, ya mdada wa Tangi Bovu ni kiki? Shirika la Afya Duniani halina ubaguzi huo. Kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hii imo ndani ya maumivu sugu.

Turudi kwenye picha ya bichi. Dawa zipo: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, dulosetini, pregabalini, zote kwa cheti cha daktari, na zinawasaidia baadhi tu. Lakini wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipotoa mwongozo wao mwaka 2016, kitu kimoja tu walikipendekeza kwa nguvu, nacho ni mazoezi. Siyo ya kukomoana jimu. Ni kutembea au kuogelea, dakika chache, unaongeza kidogo kidogo, kwa sababu anayejilazimisha siku nzuri anailipia kitandani siku mbili. Kwa hiyo ile asubuhi hakuwa ametoroka kuumwa. Alikuwa kwenye matibabu, kama mwingine anavyokwenda kuchukua vidonge dirishani.

Na kusimama na maikrofoni ukumbini tangu jioni hadi saa saba usiku, juu ya visigino, si sawa na kutembea dakika 15 mchangani. Anayebisha ajaribu, tena akiwa mzima.

Sasa mambo yamefika hapa: haendi tena ufukweni. Anaogopa simu za watu. Majirani wanasema asubuhi anazunguka ndani ya uzio, kati ya tangi la maji na gari, geti limefungwa. Kona ni nyingi mno, raundi ya kumi haifiki.