Sauti Twaitaka, Mwenye Sauti Twamrushia Mkuki

Kila mtoto wa shule ya Jumapili ajua habari za Mfalme Sauli. Roho mbaya ilipomsumbua, Daudi aliitwa ampigie kinubi, naye mfalme akapata nafuu. Hata siku moja, Daudi angali akipiga, mfalme yule yule alimrushia mkuki. Naandika haya kwa sababu naona desturi ya Sauli imekuwa desturi yetu. Muziki twautaka ututulize. Mpigaji twamrushia mkuki wa maneno.

Hapa Nduguti, penye watu watatu na redio utasikia mambo hayo. Wimbo waanza, wote watikisa vichwa. Wimbo haujaisha, mmoja asema, "Huyu ni mlevi," wa pili asema, "Mkewe amemkimbia," wa tatu aongeza asilolijua. Wala hapana mmoja wao aliyepata kumwona mwimbaji huyo kwa macho. Nasema wazi kwamba maneno hayo ni maovu. Hayamponyi mtu ulevi wake wala hayamrudishii mke wake.

Yafaa tufikiri saa ile tusiyoiona, yaani saa moja kabla ya mwimbaji kupanda jukwaani. Ukumbi umejaa, watu wamekwisha lipa. Ndani ya chumba yeye afunga vifungo vya shati, naye pengine ameacha nyumbani mtoto mgonjwa au deni la kodi. Hawezi kutoka akasema, "Leo nina huzuni, rudini kesho." Fundi wa viatu akiwa na huzuni, kiatu hushoneka vile vile, lakini mwimbaji hutoa sauti katika kifua kile kile kinachoumia.

Katika nchi ya Marekani alikuwako mwimbaji wa jazi, Billie Holiday. Mwaka 1947 alihukumiwa kwa madawa ya kulevya, akafungwa gerezani. Machi 1948 alifunguliwa, na tarehe 27 ya mwezi ule ule akaimba katika Carnegie Hall mjini New York, jumba likajaa. Lakini kwa ajili ya hukumu ile alinyimwa kibali cha kuimba katika nyumba za mji huo ziuzazo pombe, nazo ndizo zilizokuwa riziki ya waimbaji wa jazi. Kumtazama walifurika, riziki yake hawakumrudishia. Mwaka 1959 alikamatwa tena, hali yu mgonjwa kitandani hospitalini, na tarehe 17 Julai akafa, umri wake miaka 44. Katika benki alikuwa na senti 70 tu.

Labda mtu atasema, hayo ni ya ng'ambo. La, hata kidogo. Jina la jazi lilipofika kwetu lilipewa bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi. Katika bendi nyingi vyombo havikuwa mali ya wapigaji, bali ni vya tajiri, au chama, au jeshi. Hivyo mwimbaji alikwenda jukwaani na koo lake tu. Mfikirini Marijani Rajabu, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1955, aliyeimba na Safari Trippers, kisha na Dar International. Katika nyimbo za Trippers umo "Rosa Nenda Shule", nasi waalimu tulipata humo msaidizi asiyelipwa mshahara. Nyimbo zake zilipigwa redioni nchi nzima. Naye katika miaka yake ya mwisho aliishi kwa dhiki, akiuza kanda za muziki, mpaka alipofariki mwaka 1995. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, yeye amekwisha kuwa kaburini miaka minne.

Najua majibu yatakayoletwa. Kwanza, watasema ulevi ni dhambi na yafaa ukemewe. Nami nakubali kabisa. Lakini chupa ile nani aliituma jukwaani kuwa tuzo? Ni msikilizaji, yeye yule ambaye asubuhi asema, "Bwana yule kaharibika." Mtu hawezi kumtilia mwenzake kikombe usiku, akamhukumu kwa harufu yake mchana.

Pili, watasema twawasimulia watoto mambo hayo ili waonyeke. Onyo la ulevi halihitaji jina la mtu. Vijiji vyetu vinayo mifano ya kutosha. Tena mtoto hafundishwi kuogopa pombe kwa masimulizi hayo. Hufundishwa kwamba kuimba ni uhuni. Ndipo binti mwenye sauti njema katika kwaya ya shule hufunga kinywa chake, asije akaitwa kwa majina yale aliyosikia nyumbani.

Tatu, watasema mwimbaji amejiweka mbele za watu, hivyo maisha yake ni ya watu. Je, mwalimu naye hasimami mbele za watu kila siku? Nani kati yetu angekubali wazazi wakae wapime ndoa yake kwa kuwa walilipa ada?

Injili yatufundisha kwamba mtenda kazi ana haki ya ujira wake. Basi twaweza kutenda mambo matatu yasiyotuzidi nguvu. Tulipe kiingilio, tusiruke ukuta. Tusinunue nyimbo kwa wale wazinakilio kwa wizi na kuziuza kwa bei ya karanga. Na tukitaka kumtunza mwimbaji, tumpe fedha mkononi apeleke kwa watoto wake, si chupa. Habari za chumbani mwake tumwachie mwenyewe na Mungu wake. Daudi aliuepa mkuki, kisha akakimbia. Na nyumba ya Sauli ikabaki bila kinubi.